Pua ya Mpishi wa Mabua

Mtu akikwambia kwamba shemeji yangu Bayoumi alikuwa bingwa, muulize bingwa wa nini. Wa kunywa chai? Hapo nakubali. Wa kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu wanaofanya kazi, miguu ameitandaza, sigara ameichomeka sikioni? Hapo pia sina ubishi. Lakini watu wa Kafr Umm Ghazal walikuwa wakisema ni bingwa wa kupika mabua, na mimi Tafida, niliyechambua mabua katika kiwanda kile miaka ishirini na miwili, nilikuwa nikisikia hivyo natema mate chini.

Kiwanda ni cha Haji Sirgani, kiko kando ya mfereji. Mpunga ukishavunwa wakulima wanabaki na milima ya mabua. Zamani walikuwa wakiyachoma mashambani, na sisi tunakohoa mpaka baridi inaingia. Serikali ikakataza, ikaweka faini, ndipo kila mtu akakumbuka kwamba Haji Sirgani anatengeneza karatasi. Wakaanza kumletea marobota kwa trekta, kwa mikokoteni ya punda, kwa vichwa vya wake zao. Na ndani ya robota wanatia kila balaa. Tope, mawe, kandambili, na siku moja, naapa, paka mzima aliyekauka. Wengine wanayamwagia maji ili yawe mazito kwenye mizani, halafu wanakuja wanakuapia kwa Mtume kwamba ni umande. Watu hawana haya! Sisi wanawake watano tulikuwa tunayafungua, tunatoa uchafu, tunayalisha kwenye mashine ya kukata. Yakitoka hapo yanaingia kwenye Chungu.

Chungu ndivyo tulivyoliita. Ni tufe la chuma, kubwa kuliko chumba changu cha kulala, linazunguka polepole kwa mkanda. Unalijaza mabua, maji, na ile soda kali inayokula ngozi ikikugusa, unakaza mfuniko kwa nati kumi na mbili, unaachia mvuke. Humo ndani mabua yanalainika, yanaachana nyuzi nyuzi, yanakuwa rojo. Rojo linamwagwa kwenye birika, linaoshwa mpaka maji meusi yaishe, linapondwa, linatandazwa, linakauka, unaandikia. Lakini lipikwe muda gani? Hapo ndipo penye kazi. Mabua ya mwaka huu si ya mwaka jana, na ya shamba hili si ya shamba lile. Makavu yanachelewa, yaliyonyeshewa yanawahi. Ukifungua mapema yanatoka mabichi, yanavunjika kama vijiti, na hayarudi tena ndani kwa sababu soda imeshamwagika. Ukichelewa, yameungua, ni uji usioshikana. Na kufungua mfuniko ili uchungulie haiwezekani, kwani mvuke wote unakwenda zake. Kwa hiyo mpishi anafungua koki ndogo, mvuke unatoka fyuu, ananusa. Basi. Kwetu saa ilikuwa pua.

Na pua, watu walisema, ni ya Bayoumi.

Huyu Bayoumi alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alikuwa akitembeza dengu za kuchemsha na mkokoteni, na mtoto akawa anatembea nyuma yake akila faida. Alipokuwa mkubwa akaja kiwandani kubeba marobota. Alikuwa mvivu, si wa kujificha, mvivu wa waziwazi: anabeba moja, anaegemea mawili. Siku moja mpishi mzee, Mungu amrehemu, alikuwa na mafua makali, akauliza nani amwambie mvuke unanukiaje. Bayoumi akajipitisha mbele. Akanusa, akasema bado. Akanusa tena, akasema tayari. Rojo likatoka laini kama malai ya maziwa ya nyati. Haya, nitasema ukweli ingawa unanikera: wakati ule alikuwa na pua. Mpishi alipokufa, akapewa Chungu. Alipopewa Chungu, akamposa mdogo wangu Inshirah. Nilimwambia Inshirah, "Huyu ameshaoa kiti chake, wewe utakuwa mke wa pili." Akacheka, akaolewa.

Akamleta kiwandani pia, akamweka kwenye birika la kuoshea, palepale mbele ya Chungu, ndani ya maji mpaka magotini. Yeye kwenye kiti, mkewe kwenye maji. Ndivyo alivyompenda.

Halafu ukaja mwaka wa lile pipa. Pipa la dawa ya kung'arishia karatasi lilipasuka katika ghala, hewa ikawa ya kijani, watu wakakimbia kila mtu na njia yake. Wawili wakabaki ndani. Bayoumi akafunga kitambaa usoni, akaingia, akawatoa mmoja mmoja. Kijiji kizima kilimwimba shujaa. Mimi nilisema, na nikasema mbele ya watu, kwamba aliingia kufuata viatu vyake vipya na hao wawili akajikwaa juu yao. Wanawake walicheka mpaka wakashika mbavu. Akakohoa mwezi mzima, akarudi kwenye kiti, na kuanzia hapo hata chai hakuifuata tena, ikawa inamfuata yeye.

Sasa sikiliza nilivyomfumania.

Miaka tisa baada ya pipa, siku ya Idi ndogo, walikuja kula kwangu. Chini ya kochi langu kulikuwa na panya amekufa siku tatu, nimemtafuta sikumwona. Wallahi nilikuwa nataka ardhi inimeze. Inshirah alikaa mlangoni na leso puani. Wanangu wanakula kwa kubana pumzi. Bayoumi yeye akaketi juu ya kochi lile lile, juu ya panya kabisa, akavuta hewa kifua kizima, akasema, "Shemeji, leo umepika nini? Mbona kunanukia vizuri hivi?"

Nikamtazama Inshirah. Inshirah akatazama sahani.

Kesho yake kiwandani sikuchambua mabua, nilichambua watu. Bayoumi akainuka, akafungua koki, mvuke ukatoka. Akafumba macho kama imamu mwenye sauti nzuri. Kwanza nikadhani amefumba; kumbe ameacha upenyo. Upenyo unaangalia birika. Na kwenye birika Inshirah amesimama na koleo lake, anasukuma rojo, uso hauna habari. "Bado," akasema Bayoumi. Nusu saa baadaye akafungua tena. Inshirah akapangusa jasho, akafungua kilemba chake, akakifunga upya. "Tayari!" Bayoumi akapiga kelele, na wanaume wakakimbilia nati kama wamesikia adhana ya magharibi mwezi wa Ramadhani.

Jioni nilimbana Inshirah njiani.

"Mumeo hana pua."

"Anayo. Si unaiona ilivyo kubwa?"

"Usinifanyie mzaha. Tangu lini?"

Akatembea kidogo. "Tangu lile pipa."

"Miaka tisa! Miaka tisa unampikia Haji Sirgani kiwanda kizima kwa kitambaa cha kichwani?"

"Dada, punguza sauti."

"Yeye anaitwa Fundi Bayoumi. Wewe unaitwa nani? Unaitwa 'we mwanamke, osha.'"

"Na akifukuzwa je, nitakula jina?" akaniambia. "Mtu amepoteza pua akitoa watu kwenye hewa ya sumu. Unataka nikamtangaze sokoni?"

"Viatu," nikasema.

"Dada, tosha."

Nikanyamaza, kwa sababu ni mdogo wangu na nilimlea mimi mama yetu alipofariki. Lakini tangu siku ile kila nikimwona yule mwanamume anafumba macho yake nusu nusu, natema mate kando. Mtu mzima, ndevu zimeingia mvi, anaishi kwa kuibia jasho la mkewe, na bado ana ujasiri wa kumwambia, "Inshirah, chai imepoa."

Mavuno yaliyofuata Haji Sirgani akatuita sote uani. Haji ni mtu wa maneno machache, meno ndiyo mengi. Akasema ameagiza mashine ya kuosha rojo, itafika baada ya msimu, na watu watakuwa wengi kuliko kazi. Hataki kuumiza nyumba yoyote, kwa hiyo kila nyumba itabaki na mtu mmoja.

Kila mtu akaanza kuhesabu nyumba yake. Kwangu niko peke yangu, mjane, sikuwa na wasiwasi. Kwa Inshirah walikuwa wawili, na hakukuwa na hata mtu mmoja aliyejiuliza. Nani atamtoa Fundi Bayoumi abakize mwanamke wa kuosha?

Inshirah akarudi kwenye birika lake. Lakini tulipokuwa tunakula mchana, mkate na jibini ya zamani, alikuwa anaumega mkate vipande vipande bila kuula.

"Dada, mimi nikikaa nyumbani nitakufa," akaniambia. "Si njaa. Nitakufa tu. Kazi hii ndiyo kitu pekee ninachokijua kuliko watu wengine."

"Basi nenda kwa Haji, mwambie nani anapika."

"Niachie, dada. Mambo yatakwenda."

"Yatakwenda wapi? Yatakwenda kwenye kile kiti cha plastiki!"

"Niachie, nimesema."

Nikamwona mwoga. Nilimdharau kidogo hata yeye, Mungu anisamehe, kwa kukubali kukanyagwa na mtu mwenye miguu mivivu hivyo. Na nikaapa moyoni kwamba kama yeye hatajisemea, mimi nitatafuta njia.

Njia ikaja na gari jeupe kutoka Kairo. Kulikuwa na mnunuzi, Bwana Wagdi, anayetengeneza madaftari ya shule. Alitaka karatasi ya mabua, nyingi, msimu baada ya msimu. Alikuwa ameshatapeliwa na viwanda viwili, kwa hiyo hakutaka sampuli ya kupelekewa. Alitaka aje mwenyewe, asimame, aone Chungu kimoja kikipikwa mwanzo mpaka mwisho, na apikiwe na huyu Fundi Bayoumi anayesifiwa. Haji akakubali, siku ikapangwa Alhamisi.

Na Alhamisi hiyo hiyo, alfajiri, Rawia binti wa Inshirah akashikwa na uchungu huko alikoolewa, vijiji vitatu kutoka kwetu. Mimba ya kwanza. Inshirah akanigongea mlango jua halijatoka vizuri, kuku wawili wamefungwa miguu mkononi, fundo la nguo kichwani.

"Dada, leo usichambue. Simama kwenye birika badala yangu. Harufu unaijua?"

Niijue vipi nisiijue? Mbichi inanukia zizi lililonyeshewa. Ikiiva inanukia sufuria ya maharage iliyolala kwenye makaa. Ikiungua inanukia sabuni iliyochomwa. "Naijua," nikasema.

"Ikigeuka, fungua kilemba, funga tena. Mara moja tu."

"Kwa hiyo leo nilibebe mimi hilo gogo lako?"

Akaweka kuku chini, akanishika mikono yote miwili. "Usimfanyie yeye. Nifanyie mimi. Nakuomba, dada, leo tu, bila maneno."

Nikasema sawa. Akaondoka mbio, kuku wanapiga kelele.

Bwana Wagdi alikuwa mwembamba, suti ya kijivu, anakanyaga kama anayeogopa ardhi itamchafua. Haji alimzungusha huku na huku, akamwonyesha ghala, mizani, mashine ya kukata. Chungu kilikuwa kinazunguka tangu asubuhi. Bayoumi alikuwa amenyoa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mtume! Pasi, ya kwenda kwenye soda! Akampa mkono mgeni kama waziri anayepokea waziri.

"Hii kazi, bwana, haijifunziki," nikamsikia anasema. "Mtu anazaliwa nayo. Mimi nikinusa nakwambia hata mabua ni ya shamba la nani."

Na panya wa nani, nikasema moyoni.

"Na hawa?" Bwana Wagdi akauliza, akituonyesha kwa kidevu.

"Hawa? Hawa wanaosha tu," Bayoumi akasema. "Wanawake wa kuosha."

Maji yalikuwa magotini kwangu, ya moto na meusi, yanawasha ngozi. Nikawaza miguu ya mdogo wangu, magamba yake, kucha zilivyong'oka. Wanaosha tu!

Akafungua koki. Mvuke ukatoka. Zizi. Akafumba macho yake ya wizi, upenyo ukanielekea. Sikutikisika. "Bado," akasema. "Bado ni zizi." Maneno anayajua kwa moyo, kama kasuku.

Akamhadithia mgeni habari ya pipa. Akaongeza mtu, safari hii aliwatoa watatu. Haji anatikisa kichwa, anacheka kwa meno. Akafungua tena. Zizi bado, ingawa limepungua. Sikutikisika. "Bado, bwana. Haraka ya nini? Kunywa chai." Akageuka, akapaza sauti, "We mama, sukuma hilo koleo, usilale!"

Ni mimi huyo. Mbele ya watu. Dada ya mkewe.

Damu ikanipanda kichwani, na hapo hapo nikaliona jambo lote lilivyo rahisi. Akifungua mapema leo, mbele ya mgeni huyu, hakuna wa kumwokoa. Haji atamtupa nje kabla ya jua kuzama. Nyumba yao itakuwa na nafasi moja na mtu mmoja wa kuichukua. Chungu kimoja cha mabua kikiharibika, ni nini? Takataka za mashambani, watu walikuwa wakizichoma.

Alipofungua koki mara ya tatu, ilikuwa zizi. Nimesimama katika kiwanda kile miaka ishirini na miwili, siwezi kusingizia pua yangu. Zizi, na kwa mbali sana, harufu ya maharage inaanza kuja. Ilibaki kama saa nzima.

Nikaweka koleo. Nikafungua kilemba changu, nikakifunga upya, taratibu, fundo zuri.

Bayoumi akafumbua macho kabisa. Akanitazama, kitambo kirefu kuliko kawaida, kama anayetaka kuniuliza kitu. Nami nikamtazama, sura kavu. Akamgeukia mgeni.

"Tayari," akasema.

Chungu kikasimamishwa, nati zikafunguliwa, mfuniko ukaelekezwa chini. Badala ya rojo kutoka kwa mlio wake ule wa tope, yakaporomoka mabua. Ya njano, yamelowa, marefu kama yalivyoingia. Yakarundikana kwenye birika mbele ya miguu yangu, na maji meusi yakapita katikati yake yakaenda zake.

Bwana Wagdi akainama, akachukua kimoja kwa vidole viwili, akakipinda. Kikavunjika, tak. Akakiangusha, akatoa leso, akajifuta.

"Hii ndiyo pua yenyewe?" akamwuliza Haji.

Haji alikuwa mweupe kama ukuta. Nikamgeukia Bayoumi. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu. Akininyooshea kidole tu, nitamwuliza mbele ya wote: kwani fundi ananusa kwa kilemba cha mwanamke? Nilikuwa na hamu nalo, lilikuwa limenijaa mdomoni.

Hakuninyooshea. "Nimekosea, Haji," akasema. "Pua imenidanganya."

Sitadanganya: nilifurahi. Nilimwona amesimama na kanzu yake ya pasi imerukiwa maji meusi, mikono haina pa kukaa, nikasema moyoni, pata sasa, pata, miaka yote hiyo, pata. Hata njaa niliihisi, nikaenda nikala vizuri.

Bwana Wagdi aliondoka bila kuigusa chai yake. Nikamngojea Haji amfukuze Bayoumi. Ijumaa ikapita, kimya. Jumamosi Haji akatukusanya uani tena, na safari hii meno yake hayakuonekana. Akasema mabua basi. Ameshindana nayo miaka thelathini, mteja wa maana wa kwanza ameondoka anacheka. Atanunua makaratasi chakavu na maboksi kutoka mjini. Hayo hayapikwi, yanarowekwa tu na kupondwa, na yanataka wanaume wanne. Chungu kitauzwa chuma chakavu. Wengine wote, Mungu awafungulie mlango mwingine. Mlango mmoja kwa kila nyumba, ule aliouahidi, haukutajwa tena.

Wote. Wachambuaji, waoshaji, waliobeba. Na mimi.

Wanaume walimzunguka Bayoumi pale langoni, wale wale waliokuwa wakimfuatia chai. Mmoja akabana pua yake kwa vidole, akasema, "Fundi, nimejamba, kumeiva?" Kicheko chake kilifika mpaka ng'ambo ya mfereji. Bayoumi akapita katikati yao, hakuinua uso. Mimi mwenyewe sikucheka. Nilikuwa nikitafuta wa kumtukana, nikaona nafasi yangu imeshajaa watu.

Inshirah alirudi siku ya tano. Rawia amejifungua mtoto wa kike, salama. Alikuja kwangu moja kwa moja, vumbi la njia bado miguuni, habari zote alishazipata kwa mumewe aliyemfuata kwa Rawia. Hakukasirika. Alikaa kwenye mkeka karibu na mimi.

"Dada, ilikuwaje?" akauliza polepole. "Harufu ilikuchanganya?"

Nilikuwa na nafasi hapo ya kusema. Nafasi pana kabisa. Nikasema, "Ilinichanganya. Mvuke ulikuwa mwingi, nikadhani imegeuka."

Akavuta pumzi. "Nilijua. Nilimwambia Bayoumi, dada si mtu wa birika, nimembebesha kazi isiyo yake." Akapangusa vumbi miguuni, akasema, "Sasa naweza kukwambia. Mwezi mmoja nyuma, alikwenda kwa Haji baada ya swala ya Ijumaa, peke yake. Hata mimi hakunishauri. Akamwambia, pua yangu ilikufa pamoja na lile pipa, anayepika ni mke wangu. Kama ni mtu mmoja kila nyumba, kwetu awe yeye."

"Nani alikwenda?"

"Bayoumi. Haji akakubali. Ila mkataba wa yule mtu wa Kairo ulikuja kwa jina la Bayoumi, kwa hiyo Haji akasema, Bayoumi amwonyeshe kama alivyoambiwa, mgeni atie saini, halafu Jumamosi ninakaa mimi kwenye Chungu mbele ya watu wote. Kwa jina langu, dada. Mpishi."

Nikamshika bega. "Kwa nini hukuniambia?"

"Haji alitukataza tusimwambie mtu mpaka saini ipatikane. Na wewe, dada..." Akatabasamu kidogo, kwa uchovu. "Wewe mdomo wako unaujua. Uchungu wa Rawia uliponiita, Bayoumi alimwambia Haji: usiwe na wasiwasi, dada yake yupo, tunamwamini."

Siku ile ndipo nilipomtazama mikono, mdogo wangu. Ilikuwa imetulia juu ya mapaja yake, kama mikono ya mtu asiye na kitu cha kungojea.

"Bayoumi amesema nisikulaumu," akaendelea. "Amesema kosa ni lake, alimkemea mtu asiyezoea mpaka akamvuruga. Alikuwa anajitia ukubwa mbele ya mgeni, na sasa anaona haya kuja kukuomba radhi. Dada, usilie."

Nilikuwa bado silii. Hapo ndipo nilipoanza. Akanivuta kifuani, akaniwekea mkono mgongoni, akawa ananiambia basi, basi, ni mabua tu, Mungu atatupa jingine. Nikamwacha anibembeleze.